Pindo Bila Akiba

9 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na lile goti lako la kukanyagia cherehani limepunguza kelele. Mimi sijambo. Chumba nilichopewa hapa chuoni kina dirisha lililokwama nusu, kwa hiyo nalala na soksi na kuamka na mafua, lakini sina la kulalamika.

Nasema shida yangu mapema maana najua unasoma hii ukiwa umesimama, pini mdomoni, mteja anakungoja. Naomba madaftari yako ya vipimo. Yote.

Usikatae kabla hujamaliza kusoma. Nimefika mahali pa kuandika tasnifu, na nimechagua kimo: kinavyorithiwa, na kwa nini watu wa mtaa mmoja, wanaokula chakula kilekile, hawalingani. Wenzangu wanapima panzi na mbegu. Mimi nataka kupima watu. Ubaya wake ni kwamba lazima umpime mama akiwa msichana, halafu usubiri miaka ishirini na tano umpime binti yake. Profesa anayenisimamia aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. "Unayo hiyo miaka ya kusubiri?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mimi sina, lakini shangazi yangu anayo."

Miaka thelathini na minne, Shangazi! Tepu moja, mkono mmoja, mtaa mmoja. Umewapima wasichana, wameolewa, wamezaa, na mabinti zao umewapima palepale juu ya kigoda kilekile. Hakuna maabara yenye kitu cha namna hiyo. Profesa amenipa mpaka mwisho wa Septemba nimwonyeshe kitu cha maana. Nikishindwa, nafasi yangu anapewa mwingine na mimi narudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa nini kimo, wewe unajua. Baba mrefu, Mama mrefu, dada zangu wote wanainama mlangoni, na mimi kwenye kila picha ya familia nimewekwa mstari wa mbele, na wala si kwa heshima.

Nimekulia chini ya meza yako ya kukatia. Nakumbuka ulivyonifinya sikio siku niliyovuta zile nyuzi za kwenye daftari. Sikio lenyewe bado linakumbuka. Nisaidie.

Mwanao,
Bobini


2 Februari

Bobini wangu,

Marahaba. Goti linalia vilevile, na cherehani nayo imeanza kulijibu, sasa wakianza wawili hao redio siisikii. Baba yako mzima. Mama yako mzima. Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza kama bado unavaa namba ya watoto. Nimemwambia aulize mambo yake.

Kuhusu madaftari, jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Na la pili hapana. Kiuno cha mtu ni siri, mwanangu. Wanawake wa mtaa huu wananiambia mimi mambo ambayo hawawaambii waume zao, na wananiambia kwa sababu nikifunga daftari limefungwa. Leo nimpe Profesa wa watu ambaye hata sijui kifua chake ni inchi ngapi?

Halafu nikakaa na barua yako siku nne. Fundi viatu akaniambia, "Mtoto anaomba vipimo, haombi majina." Mara moja moja huwa anasema kitu.

Basi nimefanya hivi. Kila jina nimelibandikia kiraka juu yake. Unajua situpi masalio. Kila mteja nimemchukulia kipande cha nguo aliyowahi kushona kwangu, nikagundisha juu ya jina lake, na juu ya kiraka nikaandika namba. Kwenye karatasi ya pembeni nimekuandikia namba ipi imezaa namba ipi; orodha ya majina na namba nimebaki nayo mimi. Imenichukua wiki mbili. Wateja wamenuna. Mama Mapacha alitaka kujua kwa nini gauni lake halijaguswa, nikamwambia nimeajiriwa na chuo kikuu. Amekwenda kutangaza.

Madaftari yako arobaini na moja. Nimeyafunga kwenye masanduku mawili ya vitambaa. Ukiyapoteza usirudi. Kila kitu kimo humo, kama ulivyokuwa ukiniona nikifanya.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima. Mimi ni mzima na nina furaha mpaka mwenzangu wa chumba ananiuliza kama nimepata mchumba.

Masanduku yamefika! Nimeyafungua kukatoka harufu ya chaki na mafuta ya cherehani, nikalia kidogo, usimwambie mtu. Profesa alikuja mwenyewe kuyaona. Alifungua daftari la kwanza, akagusa viraka, akasema hajawahi kuona kazi ya kuficha majina iliyopendeza namna hii.

Ulimuuliza Baba siku moja hivi vinasaba ndivyo vitu gani, naye akasema ni mambo ya damu. Si damu, Shangazi. Fikiria magunia mawili ya masalio ya vitambaa, moja la mama na moja la baba. Kila mtoto anachotewa nusu ya gunia hili na nusu ya gunia lile, na anayechota hatazami. Kimo hakitokani na kipande kimoja. Kinatokana na vipande mamia kwa mamia, kimoja kinakuongezea unywele mmoja wa urefu, kingine kinapunguza. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawalingani. Magunia ni yaleyale, mchoto ni tofauti. Halafu maisha nayo yanaweka mkono wake: alivyokula, alivyougua utotoni.

Nimeshasafisha kurasa zote zikapita vizuri kwenye mashine ya kunakili, na sasa nahesabu. Nitakuandikia nikiona kitu.

Mwanao,
Bobini


11 Aprili

Bobini,

Marahaba. Sote wazima, ila mafua yako nadhani umeyatuma pamoja na barua.

Habari ya magunia nimeielewa kuliko baba yako, na nimemweleza, akasema, "Kumbe." Mimi nimeongezea ya kwangu: ndiyo sababu mtu akichukua vitambaa kutoka gunia la warefu bado anaweza kutoa kipande kifupi, maana hata gunia la warefu lina vifupi ndani, vimekaa tu chini vinangoja zamu. Sijakosea?

Ulivyokuwa mdogo, watu walisimama pale mlangoni wakauliza huyu mmemwokota wapi. Mama yako aliwahi kuingia ndani akalia kwenye pazia la chumba cha kujaribia. Natamani ningekuwa na maneno haya siku zile. Ningewafukuza nayo.

Hesabu vizuri.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana, na sababu ni madaftari.

Vipimo haviendi. Namba 73 ana miaka kumi na minne, urefu wa shingo hadi kisigino umeandika inchi hamsini na sita. Akiwa na miaka ishirini, hamsini na nne. Nikadhani ni makosa ya mwandiko. Nikatazama wengine. Shangazi, mtaa mzima unafupika ukikua! Na viuno ndiyo usiseme. Wanawake wanazaa watoto watano, sita, na kiuno kinabaki palepale miaka ishirini, kana kwamba wamekula kiapo.

Nilimpelekea Profesa. Alisoma, halafu akasema, "Ama watu wa mtaa wenu ni wa miujiza, ama shangazi yako anaandika namba anazozipenda." Nilisimama pale ofisini kwake nikitazama viatu vyangu vya namba ya watoto.

Nakuuliza kwa adabu, lakini nakuuliza: ulikuwa unapima kweli? Au mtu akija unamkadiria kwa macho, unaandika chochote? Maana kama ndivyo, ungeniambia tangu Januari. Ningepima mbegu kama wenzangu. Sasa nimebakiwa na miezi mitano kasoro na madaftari arobaini na moja ya uongo.

Bobini


1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Ni karibu miezi miwili hujanijibu. Baba kaniambia kwenye simu kwamba u mzima, unashona, na kwamba ukitajiwa jina langu unakanyaga cherehani kwa nguvu.

Nilikuandikia kwa hasira. Nilikosea kutumia lile neno la mwisho. Nijibu, hata ukinitukana.

Mwanao,
Bobini


8 Julai

Bobini,

Hujambo. Mimi sijambo. Goti zima, mkono mzima, na macho mazima, maana nasikia nimeanza kukadiria kwa macho.

Miaka thelathini na minne hakuna aliyeniambia mimi mwongo. Wameniambia nina mdomo, nachelewesha nguo, najifanya. Yote nakubali. Lakini kupima! Nimepima watu nikiwa na homa. Nimempima bibi harusi analia hataki kuolewa, na bado gauni lilimkaa. Sikukujibu kwa sababu kila nilipochukua kalamu niliandika maneno ambayo mtu akishayasoma hayafutiki.

Sasa nisikilize, maana naona ulikaa chini ya meza yangu miaka kumi na mbili ukicheza na vifungo tu.

Daftari linakaa juu ya meza. Mteja analisoma kichwa chini miguu juu wakati mimi nazunguka nyuma yake na tepu. Nikiandika kiuno arobaini, mbele ya mama mkwe wake, mteja huyo sitamwona tena, na usiku hatalala. Kwa hiyo naandika thelathini na saba. Anafurahi, anasimama wima, kipimo cha kifua kinakuwa kizuri zaidi. Akishatoka natia uzi mwekundu pembeni kushoto, mishono mitatu. Kila mshono inchi moja niliyomhurumia. Nikikata kitambaa, nasoma namba, nasoma uzi, nakata arobaini.

Na watoto nao. Mtoto wa shule anakua, na mzazi hataki kurudi baada ya miezi sita. Naandika urefu pamoja na nyongeza, ili nisisahau kitambaa, na kulia natia uzi wa buluu: mshono mmoja, inchi moja ya kukua. Nyongeza yenyewe naificha ndani ya pindo. Ndiyo maana namba 73 amefupika. Hakufupika. Alikuwa na inchi tatu ndani ya pindo.

Huo ndio uongo wangu. Haujapungukiwa hata nusu inchi, na wote una hesabu yake. Nilikufinya sikio kwa kuvuta nyuzi zile, ulidhani nilikuwa nalinda mapambo? Soma nyuzi, mtoto.

Shangazi yako (bado)


22 Julai

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya tatu kwa ajili ya goti. Natumaini hasira imepungua, maana nina jambo la kukuambia, na kama umeshika mkasi uweke chini kwanza.

Nyuzi nilizikata.

Zilikuwa zinakwama kwenye mashine ya kunakili. Nilidhani ni wewe unajaribu sindano, au unamalizia uzi usitupwe. Nilikaa siku mbili na wembe nikizitoa moja moja, najisifu kwa usafi. Zote nikazitia kwenye mfuko. Barua yako ilipofika nilimwaga mfuko ule juu ya kitanda: nyekundu na buluu, maelfu, zimeviringana. Sijui nililia muda gani. Mwenzangu wa chumba alidhani kuna msiba akaenda kuita watu.

Asubuhi nilichukua daftari la kwanza nikalipeleka dirishani, lile dirisha lililokwama, nikijiambia nalitazama tu mara ya mwisho. Jua likapita kwenye karatasi. Shangazi, matundu yapo! Uzi umetoka, sindano haikutoka. Kushoto nane, kulia sita, nukta ndogo za mwanga, zimejipanga mstari mmoja. Nilipiga kelele, wale watu walioitwa kwa ajili ya msiba wakarudi tena.

Mwanzo nilihesabu tundu moja kuwa inchi moja, namba 73 akawa mbilikimo. Halafu nikakumbuka kwamba mshono mmoja huingia na kutoka. (Najua. Usiandike.) Nikagawa kwa mbili. Namba 73 akiwa na kumi na minne: hamsini na tatu. Akiwa na ishirini: hamsini na nne. Amekua! Sijawahi kufurahia inchi moja ya mtu nisiyemjua namna hii. Nimekaa dirishani siku tisa, kurasa zote, tangu jua linapoingia hadi linapohama.

Profesa amekuja akasimama nami pale dirishani. Alihesabu matundu ya kurasa kumi mwenyewe. Halafu akasema jambo ambalo ni la haki ingawa limeniuma: "Ninaamini kuna matundu. Nitajuaje yana maana anayosema shangazi yako? Mtu anaweza kutunga maelezo baada ya kukamatwa." Anataka ushahidi usiopita mikononi mwangu. Hesabu zangu za matundu ameziweka ndani ya bahasha, ameigundisha, amesaini juu yake. Amenipa mpaka tarehe thelathini Septemba, hazidishi siku.

Nimefikiri hivi. Madaftari yanaweza kusema uongo, lakini nguo ulizikata kwa kipimo cha kweli. Kama kuna mtu bado anayo nguo yake ya zamani...

Najua naomba mengi kwa mtu niliyemtukana.

Mwanao,
Bobini


16 Septemba

Bobini mkata nyuzi,

Marahaba zote tatu. Nimeketi ndiyo nakuandikia, na mkasi nilikwishauweka mbali tangu niliposoma mstari ule. Nilitoka nje nikazunguka jengo mara mbili. Fundi viatu akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia miaka thelathini na minne. Halafu nikarudi nikasoma habari ya dirisha. Mtoto wewe, Mungu anakupenda ovyo.

Sasa sikia kazi. Nilifunga duka. Mimi! Nimetundika karatasi mlangoni: FUNDI YUKO KWENYE UTAFITI. Nimepita nyumba kwa nyumba na tepu shingoni nikiomba watu wafungue masanduku yao ya nguo za zamani. Nilidhani watanifukuza. Kumbe watu hawatupi, Bobini. Wametunza gauni la shule la mtoto ambaye sasa ana wanawe wanaonyoa ndevu. Wametunza nguo walizovaa wakichumbiwa. Mama mmoja alinifungia mlango, akanirudia nusu saa baadaye amebeba gauni, analia, akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa mwembamba hivi." Nikapima kiuno cha lile gauni. Hakuwa mwembamba. Sikumwambia.

Na pindo! Pindo la mtoto likishateremshwa huacha mstari, hata ufue miaka kumi, kitambaa cha juu kimepauka na cha ndani bado kina rangi yake. Unapima kutoka mstari ule wa zamani hadi ukingo, unapata nyongeza niliyoiweka. Kwa wakubwa nimepima kiuno cha gauni mshono hadi mshono.

Mama Mapacha alisimamia. Alishika karatasi na kalamu, mimi naita yeye anaandika, ili asije mtu akasema nilikuwa peke yangu na kalamu yangu ya uongo. Nguo hamsini na saba. Madaftari mnayo huko, mimi sikukumbuka nani nilimtilia mishono mingapi, na hata ningekumbuka nisingekubali. Nimeandika namba, mwaka wa nguo na inchi, basi.

Nimeweka angalizo moja. Namba 88, kiuno chake msikihesabu, gauni lile lilipanuliwa na fundi mwingine, na ule mshono naona aibu hata kuutaja.

Bahasha nimempelekea Profesa wako moja kwa moja, kwa jina lake, nikaandika nyuma: HII SI YA BOBINI. Hesabu zikikataa, mimi ndiye mwongo, nawe ndiye uliyesomeshwa na mwongo. Sijalala vizuri tangu niitume.

Shangazi yako


3 Oktoba

Shangazi!

Shikamoo. U mzima? Sema u mzima, maana nataka uyasome haya ukiwa na nguvu.

Tarehe thelathini Profesa aliita walimu wengine wawili, akanikalisha upande wa pili wa meza. Akazifungua bahasha zote mbili mbele yetu. Yeye akasoma yako, mwalimu mwingine akasoma yangu; kwa viuno walitoa kwanza namba iliyoandikwa daftarini, wakabaki na tofauti. Namba 3: nguo, mbili. Matundu, mbili. Namba 19: nguo, tatu. Matundu, tatu. Namba 40: moja na moja. Kufikia namba ya ishirini mwalimu wa tatu alikuwa amesimama. Kufikia ya arobaini Profesa alikuwa ameacha kusoma kwa sauti ya ofisi, anasoma kama mtu anayetangaza mpira.

Nguo hamsini na saba. Hamsini na tano zimelingana sawasawa. Ya hamsini na sita ni namba 88, uliyoikataa mwenyewe kabla hatujaifungua. Walimu walicheka sana, halafu wakaona kwamba mtu anayetunga hangeweza kufanya vile. Imebaki moja tu, namba 140, ambaye nguo yake imezidi inchi nne. Tumeiandika hivyohivyo, haijulikani kwa nini.

Profesa akavua miwani, safari hii hakucheka. Akasema, "Sijawahi kuona vipimo vilivyotunzwa kwa uaminifu kiasi hiki." Nikamwomba aandike hayo kwenye karatasi yenye muhuri. Ameandika. Iko ndani ya bahasha hii. Itundike mahali ambapo wateja wanaisoma kichwa chini miguu juu.

Tasnifu imepita, Shangazi. Imepita na sifa, nakala ya kwanza ni yako. Na hiki ndicho kilichomo, nakuambia wewe kabla ya wengine.

Mama warefu wamezaa mabinti warefu, lakini si warefu kama wao. Wamesogea kidogo kuelekea kati. Mama wafupi vilevile, mabinti zao wamepanda kidogo. Ukiishia hapo utadhani baada ya vizazi vichache mtaa mzima utakuwa wa kimo kimoja, kama sare ya shule. Lakini haikuwa hivyo. Nimepanga mabinti wote mstari mmoja, toka mfupi hadi mrefu, na mstari una upana uleule wa mama zao. Kwa sababu wale wa kati nao wanazaa warefu sana na wafupi sana. Kila kizazi magunia yanachotwa upya. Kitu kimoja tu kimebadilika: mabinti kwa jumla wamewazidi mama zao karibu inchi moja, na hiyo hatudhani ni ya gunia, ni ya sahani na dawa.

Na kwenye mstari ule, Shangazi, kuna wasichana kumi na mmoja wafupi waliozaliwa na mama warefu. Kumi na mmoja! Mimi nilidhani niko peke yangu duniani. Kumbe walikuwa wanapanda kigoda kilekile.

Sasa mambo mawili ya kwetu. La kwanza: namba moja ana matundu kumi na nane kushoto. Inchi tisa. Kiraka chake ni cha lile gauni lako la zambarau. Sisemi kitu.

La pili ni namba 212. Kiraka chake cha mistari ya kijani nilikitambua mara tu nilipokiona, ndilo gauni langu la kwanza la shule. Kila mwaka mishono mitatu ya buluu. Miaka tisa, mitatu, mitatu, mitatu. Mwaka wa kumi, nina miaka kumi na sita, hakuna kitu. Nilipeleka karatasi ile dirishani mara tano. Hakuna hata tundu. Ulichoka kunisubiri?

Mwanao,
Bobini


29 Oktoba

Bobini wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba. Mimi ni mzima, na goti nimeliambia linyamaze tunasoma barua. Nimesoma kwa sauti, duka limejaa, fundi viatu kasimama mlangoni na kiatu kimoja cha mteja mkononi. Tulipofika kwenye "hamsini na tano" watu wakapiga vigelegele kama vya harusi. Baba yako alikuja mbio kutoka kazini akidhani pameungua, akasomewa tena tangu mwanzo. Mama yako aliingia kwenye chumba cha kujaribia akafunga pazia, akatoka amenawa uso, akasimama pale mlangoni palepale na kumwambia kila anayepita, "Binti yangu. Yule mfupi."

Namba 140 nimemfuata. Nimemkalia mpaka kasema. Gauni alilonionyesha si lake, ni la dada yake. La kwake aligeuza matambara ya kufutia vyombo, akaona aibu kuniambia. Mwambie Profesa: hamsini na tano kati ya hamsini na tano. Barua yake nimeitundika juu ya kioo. Namba moja simjui, nasikia alihama.

Sasa hilo swali lako.

Ni kweli nilikuongezea miaka tisa. Kila mwaka nilisema huu ndio mwaka wake, nikakunja inchi tatu ndani ya pindo, na kila mwaka gauni lilirudi pindo halijafunguliwa. Nilikuwa nakusubiri, ndiyo. Sote tulikuwa tunakusubiri, na nadhani ulituona tukisubiri, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka ule wa kumi ulipanda kigodani. Dada zako wapo, wanacheka. Nikashusha tepu mpaka kisiginoni, nikaizidisha kama kawaida yangu. Ukaangalia chini ukaniambia, "Shangazi, kata hapo hapo." Umesahau? Ulisema kwa utulivu tu, kama mteja anayejua anachotaka. Nikakata hapo hapo. Lilikuwa gauni lililokukaa vizuri kuliko yote niliyokushonea, na ulitembea nalo mtaani hadi watu wakageuka. Sikuchoka, Bobini. Siku ile ulinifundisha kupima.

Nasikia huko chuoni siku ya kupewa shahada mnaazima majoho ya watu wote, mtu anavaa lililobaki. Wewe hutaburuta joho la mtu mwingine mbele za watu. La kwako limo kwenye kifurushi hiki, jeusi, mshono wa mkono kwenye kola. Kipimo chako nimekiandika kwenye daftari jipya, ukurasa wa kwanza, jina lako liko wazi, halina kiraka, na pembeni hakuna uzi, si kushoto wala kulia.

Ukiligeuza ndani utaona pindo ni jembamba, la kuzuia kitambaa kisichanike tu. Sikuficha kitu humo. Livae hivyo hivyo.

Shangazi yako